Redio, Posta na Likizo: Chimbuko la Mafunzo Mseto ya Walimu na Maana Yake kwa Mwalimu wa Fasihi wa Kericho na Bomet

Iwapo wewe ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, bila shaka umewahi kuketi katika semina moja au nyingine ukaelezwa kuwa ufundishaji mseto ni jambo geni lililoletwa na intaneti. Kwa ufundishaji mseto tunamaanisha ule unaochanganya kukutana ana kwa ana na kujifunza kwa mbali kupitia chombo fulani, kiwe simu, kompyuta, redio au karatasi. Jina lenyewe limeteuliwa vyema. Mseto wa mchele na choroko haupikwi kwa kuchemsha mchele leo na choroko kesho, kisha kuvimimina katika sahani moja. Hupikwa katika chungu kimoja, na ajuaye kupika hutanguliza choroko kwa sababu ndizo ngumu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa nchini Kenya chungu hiki kiliinjikwa zaidi ya nusu karne iliyopita, na kwamba historia yake inatusaidia kujibu swali linalotukabili sasa katika kaunti za Kericho na Bomet: je, mafunzo ya walimu wanaoanza kufundisha kwa njia hii yapangwe vipi ili yawafae?

Turudi nyuma kidogo. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, shule za msingi zilifumuka kila mahali, na walimu waliohitimu hawakutosha. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ililitambua tatizo hilo. Kufikia katikati ya mwongo huo, nchi ilikuwa na walimu wapatao 10,000 waliokuwa wakifundisha bila sifa zilizohitajika. Wakati huo Kericho na Bomet zilikuwa wilaya moja, kwani Bomet haikujitenga hadi mwaka 1992. Ilikuwa wilaya ya namna yake. Tangu miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zilikuwa zimepanda majani chai kwenye nyanda za juu za Kericho na kuajiri vibarua kutoka pande nyingi: Wakisii, Waluo, Waluhya na wengineo, pamoja na Wakipsigis wenyewe. Katika kambi za wafanyakazi hao, Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na ya ujirani. Watoto wao walihitaji shule, na shule zilihitaji walimu. Kumwondoa mwalimu darasani kwa miaka 2 ili aende chuoni kulimaanisha kuliacha darasa bila mtu.

Jawabu lilitoka Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Mnamo mwaka 1967, katika Kituo cha Elimu ya Watu Wazima cha chuo kikuu, kulianzishwa kitengo cha masomo kwa njia ya posta. Kilipata msaada wa fedha kutoka serikali ya Marekani na washauri kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin. Tafadhali zingatia tarehe hiyo. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ambacho wengi hukitaja kana kwamba ndicho baba wa elimu ya masafa duniani, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971. Sisemi kuwa Waingereza walituiga, la hasha. Nasema tu kwamba mwalimu wa Kenya asidhani kuwa kila jipya lazima litoke ng'ambo.

Mpango wa Kikuyu ulikuwa na miguu mitatu, kama figa za jiko. Wa kwanza ulikuwa karatasi: masomo yaliyochapishwa ambayo mwalimu alitumiwa kwa posta, akayasoma, akajibu maswali na kuyarudisha ili yasahihishwe. Wa pili ulikuwa redio: vipindi vilivyopeperushwa na Sauti ya Kenya kuandamana na masomo hayo. Wa tatu ulikuwa vikao vya likizoni, ambapo wanafunzi hao wa mbali walikutana na wakufunzi wao uso kwa uso. Ukiondoa majina ya vyombo, huo ndio ufundishaji mseto kamili.

Mpango ulikuwa wa nchi nzima, hivyo mwalimu wa Sotik au Litein aliweza kujiandikisha sawa na yule wa Kiambu. Hebu mfikirie mwalimu huyo wa Litein. Bahasha yake inafika katika sanduku la posta la shule. Anasoma jioni kwa taa ya mafuta, mvua ya alasiri ya Kericho ikiwa bado inadondoka kwenye mabati. Betri za redio anazinunua mwenyewe. Kipindi kikimpita hakuna namna ya kukirudisha nyuma, tofauti na leo ambapo unaweza kuisikiliza sauti iliyorekodiwa mara kumi. Je, ni nini kilichomfanya avumilie?

Kuna majibu mawili, na yote mawili hayahusiani na redio. Kwanza, kulikuwa na faida iliyojulikana mapema. Mwalimu wa daraja la P3 aliyefaulu mtihani wa kidato cha pili aliweza kufikiriwa kupandishwa hadi P2, na mshahara ukabadilika. Baadhi ya wahakiki wa elimu hudharau jambo hili, wakidai kuwa mwalimu wa kweli hujiendeleza kwa kuipenda elimu tu. Mimi sikubaliani nao. Mtu mwenye watoto na shamba la kupalilia, anapoulizwa atoe jioni zake za miaka kadhaa, ana haki ya kuuliza atapata nini. Mpango usio na jibu la swali hilo umeanza kushindwa kabla ya kuanza.

Pili, kulikuwa na mtu aliyesoma alichokiandika. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Katika masomo ya posta, karatasi iliyorudi na alama nyekundu pamoja na sentensi mbili tatu za mkufunzi ndiyo iliyomwonyesha mwanafunzi kuwa hayuko peke yake. Na udhaifu mkubwa wa masomo ya posta popote duniani umekuwa uleule: karatasi kuchelewa kurudi. Mwanafunzi asiyejua alikosea wapi katika somo la tatu hawezi kuingia somo la nne kwa moyo mkunjufu. Hizo ndizo choroko za mseto huu, na wapishi wengi huzitia chunguni mwisho.

Jirani zetu wa Tanzania walikwenda mbali zaidi. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote, walihitaji makumi ya maelfu ya walimu kwa muda mfupi. Vijana waliomaliza shule ya msingi walifundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu nyingine, papo hapo vijijini, wakisaidiwa na masomo ya posta, redio na wakufunzi waliowatembelea, kisha wakamalizia kwa muda mfupi chuoni. Yote hayo yalifanyika kwa Kiswahili. Ubora wa walimu hao umejadiliwa sana, na pengine kwa haki. Lakini kwa yeyote anayedai kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba mafunzo ya kitaaluma ya walimu kwa njia ya masafa, ushahidi wa kinyume upo.

Tukirejea kwetu, mwaka 1985 ulileta mageuzi ambayo mwalimu wa Kiswahili hawezi kuyasahau. Kufuatia ripoti ya Mackay ya mwaka 1981, mfumo wa 8-4-4 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989. Ghafla kila shule ilihitaji mtu wa kufundisha riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi. Shule za Kericho, ambako wanafunzi wengi hufikiri kwa Kikipsigis kabla ya kusema kwa Kiswahili, zilihitaji walimu wenye ujuzi zaidi, si pungufu.

Je, mafunzo kazini yaliwafuata walimu hao? Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shahada ya ualimu kwa njia ya masafa mwaka 1986, tena kutoka Kikuyu, na ilikuwa hatua njema. Lakini ule mpango mkubwa wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, ulihusu Hisabati na Sayansi pekee. Ulianza katika wilaya 9 za majaribio, na Kericho na Bomet hazikuwemo. Zilifikiwa ulipotandazwa nchini kote kuanzia mwaka 2003. Mwenzako wa Kemia alikwenda likizoni kwa awamu 4 za mafunzo. Wewe wa fasihi ulibaki na kijitabu cha mwongozo ulichojinunulia dukani. Mpango wa walimu wa msingi wa miaka hiyo ya mwanzo ya 2000, uliotumia moduli za kujisomea pamoja na mikutano ya walimu wa shule jirani, nao ulitanguliza Hisabati, Kiingereza na Sayansi. Sitaki kuonekana mwenye kijicho. Hata hivyo, mtu hawezi kuieleza hali ya ufundishaji wa fasihi leo bila kulitaja pengo hili.

Kisha ukaja mwaka 2020. Shule zilifungwa kuanzia katikati ya Machi, watahiniwa wakarudi tarehe 12 Oktoba, na wengine tarehe 4 Januari 2021. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipeperusha masomo kwa redio, televisheni na mtandao. Wengi wetu tuliunda vikundi vya simu na kuwatumia wanafunzi maswali kuhusu Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Kigogo ya Pauline Kea. Kilichodhihirika upesi ni kwamba kutuma hakukuwa kufundisha. Katika bonde lisilo na mtandao, au katika nyumba ya kambi ambamo simu moja ilitumiwa na watu watano, ujumbe ulifika usiku au haukufika kabisa. Na pale ulipofika, majibu ya wanafunzi 40 yalirudi kama picha 40 za karatasi zilizokunjamana. Nani alikuwa na muda wa kuzisoma?

Mwaka uliofuata, Tume ya Kuwaajiri Walimu ilizindua mpango wa kuwaendeleza walimu kupitia vyuo vinne, kwa moduli 6, kila moja ikipangiwa miaka 5, na mwalimu akitakiwa kulipa takriban shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Vyama vya walimu vililalamika. Msomaji wangu, ulinganishe mpango huo na ule wa Kikuyu. Katika ule wa 1967, mwalimu alijua tangu mwanzo ni daraja gani linalomngoja. Katika huu wa 2021, kilichosikika zaidi ni gharama na tishio la kutopata kibali. Hata kama maudhui ya moduli ni mazuri kiasi gani, mwalimu anayeingia darasani kwa hofu husoma ili amalize, si ili afahamu.

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi nasi, nao hautoki shuleni. Kuanzia mwaka 2006, wakala wa chai ya wakulima wadogo, KTDA, kwa ushirikiano na Unilever, ulianzisha shule za wakulima shambani. Wakulima wapatao 30 walikutana mara kwa mara katika shamba la mmoja wao, wakachagua wenyewe jambo la kulijaribu, kwa mfano muda kati ya mchumo na mchumo, wakalipima na kulijadili. Hawakupelekwa hotelini mjini kusikiliza mhadhara. Mkulima wa majani chai, mwenye elimu ndogo kuliko yako, alijifunza kwa kutazama kichaka kilekile wiki baada ya wiki pamoja na majirani zake. Tunashindwaje kufanya hivyo kwa shairi?

Basi, mafunzo ya walimu wa fasihi wa Kericho na Bomet yapangwe kwa kufuata matini na kalenda ya hapa. Vitabu teule vinapobadilika, kila mwalimu huwa mgeni kwa kitabu kipya, awe na miaka 2 kazini au 20, na hakuna anayeona haya kuuliza. Huo ndio wakati wa kuanza. Vilevile, mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na Fasihi ya Kiswahili ni miongoni mwa masomo wanayoweza kuyachagua. Watakaoichagua watakuja na matarajio ambayo mazoea yetu ya kukariri maudhui na wahusika hayatayatosheleza.

Walimu wa shule tano au sita zinazofikika kwa miguu au kwa pikipiki wakutane likizoni kwa siku 2, wasome kwa sauti. Ushairi usiposikika, arudhi hubaki hesabu za mizani tu. Katikati ya muhula, kila mmoja ajirekodi akifundisha ubeti au onyesho moja kwa dakika 10, aitume sauti hiyo kwa mwenzake mmoja, na kupokea maoni yaliyoandikwa kabla ya wiki kwisha. Sauti ni nyepesi kuliko video na hupita hata penye mtandao hafifu. Kikao cha pili kifuate, safari hii kwa ajili ya kutazama kilichobadilika darasani. Siku zisiwekwe wakati bonasi ya chai inapolipwa mwezi wa Oktoba, maana walimu wengi wa hapa ni wakulima pia, na mtihani wa kitaifa huwa umebisha hodi.

Linalobaki ni la malipo. Anayesikiliza rekodi 6 za wenzake na kuziandikia maoni ya maana hufanya kazi ya saa kadhaa. Katika bajeti nyingi za semina, utaona fungu la chakula, la nauli, la ukumbi na la data. Fungu la msahihishaji halimo. Mwalimu mkuu anayetaka mpango huu ufanye kazi ampunguzie mtu huyo vipindi 2 kwa wiki, na ayaandike hayo kwenye ratiba ya shule kabla muhula haujaanza.