Kanga haisomeki, bando limeisha: historia ya mvutano kati ya picha nzuri na ukurasa mwepesi

Dada yangu anauza kanga na vitenge mtandaoni. Mwaka jana alinunua simu yenye kamera kali, akapiga upya picha za bidhaa zake zote, akazipandisha kwenye duka lake kama zilivyotoka. Kila picha ilikuwa na megabaiti 4 hivi. Ukurasa mmoja una picha 20, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: megabaiti 80. Oda zikapungua. Mteja mmoja akamwandikia, "Dada, duka lako limekula bando langu na kanga zenyewe sijaziona."

Nikamshauri abane picha. Akazibana mpaka mwisho. Ukurasa ukaanza kufunguka haraka, lakini majina ya kanga hayasomeki. Na wewe unajua, kanga hununuliwa kwa jina. Nani atatoa hela yake kwa jina lililofifia?

Nilipokaa kumsaidia nikagundua kwamba huu mvutano wake ni wa zamani kuliko maduka ya mtandaoni yenyewe. Tuanze mwanzo.

Wazo lililoonekana jepesi mno

Mwaka 1972, Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore nchini India, alikuwa anafundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani. Aliomba fedha kwa shirika la serikali linalofadhili sayansi, National Science Foundation, ili achunguze namna ya kubana data kwa kutumia kosaini, ile ile tuliyoisoma sekondari. Ombi halikupita. Ahmed alisimulia baadaye kwamba mmoja wa waliolipitia aliona wazo zima ni jepesi mno. Hakuliacha. Alilifanyia kazi pamoja na T. Natarajan, mwanafunzi wake wa uzamivu, na K. R. Rao wa Texas, na Januari 1974 makala yao ikachapishwa. (Wenzangu mnaosubiri majibu ya ufadhili, jipeni moyo.)

Wazo lenyewe ni hili. Chukua picha, ikate vipande vya mraba vyenye pikseli 8 kwa 8. Kila kipande kina namba 64, moja kwa kila pikseli. Badala ya kuzihifadhi namba hizo zilivyo, kieleze kipande kama mchanganyiko wa michoro 64 ya mawimbi: wa kwanza ni rangi tambarare isiyo na mstari hata mmoja, unaofuata una wimbi pana, na kuendelea mpaka kwenye michirizi myembamba kabisa. Hapo bado hujapoteza kitu, umebadilisha lugha tu. Lakini kwenye picha nyingi, mawimbi mapana ndiyo yanayobeba karibu kila kitu, na ile michirizi myembamba huwa na mchango mdogo sana.

Ukiikadiria michango hiyo midogo, mingi inakuwa sifuri, na mlolongo wa sifuri unahifadhika kwa nafasi ndogo sana. Kwenye hatua hii ya kukadiria ndipo uhondo wa picha unapopotea kweli. Ukikadiria kidogo, picha inabaki safi na faili linabaki zito. Ukikadiria sana, faili linakuwa jepesi na picha inaanza kuonyesha vile vipande vya mraba.

Njia hii ikawa moyo wa JPEG. Kamati iliyobeba jina hilo iliundwa mwaka 1986, na kanuni zake zikapitishwa mwaka 1992. Kamati iliongeza ujanja mwingine: jicho la binadamu linakamata mabadiliko ya mwanga vizuri kuliko mabadiliko ya rangi. Kwa hiyo JPEG hutenganisha mwanga na rangi, na mara nyingi taarifa za rangi hupunguzwa hadi robo. Watu wengi hawaoni tofauti yoyote. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Sekunde 132

Kwa nini haya yote yalihitajika? Chukua picha ndogo ya siku hizo, pikseli 640 kwa 480, baiti 3 kwa kila pikseli. Bila kubanwa ni baiti 921,600. Modemu ya simu ya mwisho wa miaka ya 1990 ilipitisha, ikiwa na bahati, kilobiti 56 kwa sekunde, yaani kilobaiti 7. Picha moja tu ingechukua sekunde 132 hivi, zaidi ya dakika mbili. Ukiibana kwa JPEG hadi sehemu ya kumi, kiwango ambacho jicho hulalamika kidogo sana, inashuka hadi sekunde 13 hivi.

Sekunde 13 kwa picha moja bado ni nyingi. Ndiyo maana maduka ya kwanza yaliweka vijipicha vidogo, na anayetaka picha kubwa anabonyeza. Amazon ilipofungua milango mwaka 1995 ilikuwa na nafuu: iliuza vitabu. Mnunuzi wa kitabu anataka jina la kitabu na la mwandishi, na maneno ni mepesi. Mnunuzi wa nguo je?

Duka lililotaka kuonyesha kila kitu

Hapo ndipo inapoingia boo.com, duka la nguo lililoanzishwa London na Waswidi, wakiwemo Ernst Malmsten na Kajsa Leander. Lilifunguliwa Novemba 1999 baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Ungeweza kuigeuza nguo pande zote, kuikuza, kumvisha mwanasesere wa kwenye skrini, huku Miss Boo, muuzaji wa katuni, akikuongoza dukani.

Tusiwacheke haraka. Swali lao lilikuwa la haki: mtu atanunuaje koti ambalo hajaligusa wala kuliona mgongoni? Shida ni kwamba wateja wengi walikuwa bado kwenye modemu. Waliokuja walisubiri, wakasubiri tena, na wengi wakaondoka. Mei 2000, miezi 6 tu baada ya kufunguliwa, kampuni ilianguka, ikiwa imekwishatumia takribani dola milioni 135 za wawekezaji. Uzito wa tovuti haukuwa sababu pekee. Matumizi yalikuwa makubwa, na kampuni ilijitanua nchi nyingi kwa mpigo. Lakini duka ambalo mteja hafiki kwenye rafu haliwezi kuziba matundu mengine.

Sisi na bando letu

Huku kwetu, kabla ya 2009, intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti, ya ghali na ya polepole. Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulianza kazi, ukitua Mombasa na Dar es Salaam, na mingine ikafuata. Kasi ikapanda. Ungedhani mvutano umeisha.

Kumbe ulibadilisha sura tu. Kamera nazo zilikua, na wateja wengi wakaja kwa simu, wakilipia data kidogo kidogo. Mteja wa London wa 1999 alilipa kwa muda wake. Mteja wa dada yangu analipa kwa muda na kwa hela, kabla hajanunua chochote. Wahandisi nao wanaendelea kutafuta nafuu: WebP ilitangazwa na Google mwaka 2010, AVIF ikaja mwaka 2019. Zote mbili hubana kuliko JPEG, lakini hakuna inayojua mnunuzi anatafuta nini kwenye picha.

Hapo turudi kwenye kanga. Jina lile lilikuwa limeandikwa kwa wekundu juu ya weusi. Kwa mwanga, nyekundu na nyeusi hazipishani sana. Kinachozitenganisha zaidi ni rangi, na rangi ndiyo JPEG inayoipunguza kwanza. Michirizi myembamba ya herufi nayo ndiyo inayogeuzwa sifuri mapema. Kamati ya 1992 ilibuni kwa ajili ya picha za kawaida: nyuso, miti, anga. Herufi nyekundu za kanga ni mtihani mwingine.

Tulichofanya hatimaye ni hiki. Picha ya kanga nzima tuliipunguza vipimo hadi upana wa skrini ya simu na kuibana vizuri, ikabaki na kilobaiti 80 hivi. Jina tuliliandika chini yake kwa maneno ya kawaida, ambayo hayafiki hata kilobaiti moja. Kisha tukaweka picha ya pili ya pindo na jina, iliyobanwa kidogo na bila kupunguzwa rangi, inayofunguka pale tu mteja anapoibonyeza. Ukurasa wa megabaiti 80 sasa hauzidi 2.

Yule mteja wa bando alirudi wiki iliyofuata. Alibonyeza picha moja tu ya jina, akaagiza doti mbili.