Nyumba ni ya Nani? Historia ya Mwanamke, Mgeni na Chumba cha Kulaza



Ninaandika kutoka Songea, mkoani Ruvuma, mbali kabisa na bahari. Kazi yangu ya kwanza ni cherehani. Ya pili ni vyumba vitatu vilivyo uani kwangu, ambavyo nalazia wageni kwa siku. Wanaokuja ni wanunuzi wa mahindi, watumishi wa semina, wazazi wanaofuata mahafali ya watoto, na kila Februari wageni wa kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji. Siku moja binti alikuja kupimwa gauni la harusi, akaniuliza: "Dada, mahari yangu niinunulie nini, sofa au kabati?" Nikamwambia akae kwanza, nina hadithi. Ni ndefu kidogo, na inaanzia huko kwenu pwani.

Siku hizi tunaona kulaza wageni nyumbani kwa malipo ni jambo la juzi, la simu na intaneti. Ni kweli kwamba wazo la Airbnb lilianza mwaka 2007 kule San Francisco, Marekani, vijana wawili waliokuwa na shida ya kodi walipojaza magodoro upepo na kukaribisha wageni wa mkutano sebuleni kwao. Lakini pwani yetu jambo hili lina umri mkubwa zaidi. Msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa. Alieleza kwamba jahazi likitia nanga, vijana wa mji waliliendea na vyombo vidogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani ile na kusema kwamba huyu ndiye mgeni wa bwana wake. Mgeni akalala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alichotaka. Ukarimu na biashara vililala nyumba moja, wala hakuna aliyeona aibu.

Ukienda Lamu utaliona jambo hilo hilo kwenye kuta. Nyumba kubwa za mawe, nyingi zikiwa za karne ya 18, zina daka mlangoni, mahali pa kukaa na mgeni asiyeingia ndani. Nyingine zina sabule, yaani chumba cha mgeni kilicho juu, chenye ngazi yake karibu na mlango. Mfanyabiashara aliyekuwa akingojea upepo wa kusi umrudishe kwao aliweza kukaa hapo kwa miezi bila kupita mbele ya wanawake wa nyumba. Fikiria, miaka mia mbili na zaidi iliyopita watu walishajua kwamba chumba cha mgeni kinahitaji mlango wake. Mimi nililijifunza hilo kwa gharama, nitawaambia.

Sasa sikilizeni, mabibi harusi. Katika familia za waungwana wa Lamu, nyumba ilikuwa ya binti. Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba jirani na ya kwao, au alimwongezea ghorofa juu, na mume ndiye aliyehamia. Yale madaraja yanayopita juu ya vichochoro, ambayo watu wa Lamu wanayaita wikio, yaliunganisha nyumba za ndugu, mwanamke avuke kwenda kwa mama yake bila kushuka barabarani. Tusiipambe historia, lakini. Nyumba zile zilijengwa na kutunzwa kwa jasho la watumwa, na binti wa mtumwa hakujengewa ghorofa na mtu. Hata hivyo wazo lenyewe lilibaki: mwanamke anaingia ndoani akiwa na paa lake.

Mji ulipobadilika, wazo hilo lilishuka kwa wanawake wa kawaida. Ng'ambo ya Unguja, baada ya utumwa kupigwa marufuku, watu waliotoka utumwani na wahamiaji walijenga vibanda vyao, na wanawake walikuwa miongoni mwa wenye nyumba. Nyumba ilikuwa yako, ila kiwanja kilikuwa cha mwingine. Mwaka 1928 kodi za viwanja zilipowaelemea, wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa, wakaandamana, mpaka serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia kati. Walikuwa wanatetea kitu kimoja tu, haki ya kukaa chini ya paa walilolijenga kwa mikono yao.

Dar es Salaam nako, Kariakoo na Ilala, ikaenea nyumba ya Kiswahili tunayoijua wote: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko, kisima na choo. Nyumba ile ilikuwa mtaji. Mwenyewe analala chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Kwa mwanamke aliyeachika au mjane, asiye na ajira wala pensheni, vyumba vitano vya wapangaji vilikuwa ndiyo uzee wake.

Huku kwetu Songea hali ilikuwa tofauti. Wilaya hii serikali ya kikoloni iliifanya mahali pa kuchotea vibarua. Wanaume walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, na kuanzia mwaka 1944 chombo cha wenye mashamba, SILABU, kiliwakusanya na kuwasafirisha. Wanawake walibaki na jembe na watoto. Mji wa watu waondokao haujengi vyumba vya wageni wengi. Labda ndiyo maana mama zetu hawakuturithisha biashara hii, na sisi tunajifunza ukubwani.

Turudi Dar. Bibi Titi Mohamed, Mwislamu, aliyezaliwa mwaka 1926, ndiye aliyeongoza wanawake wa TANU tangu mwaka 1955 na kuwaingiza maelfu kwenye chama. Uhuru ulipatikana, naye akawa kiongozi mkubwa. Ndipo Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Miongoni mwa masharti ya uongozi lilikuwemo hili: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba, na mgogoro juu ya sharti hilo ukamtoa katika uongozi wa juu wa chama mwaka huo huo. Baadaye alishtakiwa kwa uhaini, akafungwa, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Dada zangu, mimi sina nia ya kulitukana Azimio. Lilitaka kuzuia viongozi wasiwanyonye wananchi, na wapangaji wengi walipumua. Mwaka 1971 sheria nyingine ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Lakini ninaposoma habari za Bibi Titi najiuliza kama sheria ile ilitofautisha kati ya bwana mwenye majumba kumi na mwanamke ambaye nyumba ndiyo pensheni yake. Kiongozi mwanamume angeweza kuiacha nyumba akabaki na mshahara na pensheni. Wanawake wa wakati ule, wangapi walikuwa na kimojawapo?

Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1991, na ufunguo ulitoka visiwani kwenu. Wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, chama kilikaa Zanzibar na kulegeza masharti yale, na kupangisha nyumba kukaruhusiwa tena kwa viongozi. Watu waliliita Azimio la Zanzibar. Tangu hapo gesti na lodge zikaota kila penye stendi, na Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ukajaa nyumba za wageni.

Sheria nayo ilisogea. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, ila aliwaachia wanawake wa Bara silaha. Kisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Na dini yetu ilishasema zamani kwamba mahari ni ya mke mwenyewe, si ya baba wala ya mume.

Sasa yangu. Mahari yangu niliomba bati 30. Watu walicheka. Tukajenga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya wakwe, kwa ruhusa ya mdomo, maana nani anaomba karatasi kwa mkwewe? Miaka michache baadaye kiwanja kiligawanywa, na eneo lenye vyumba likaangukia kwa mwingine. Hakuna aliyenitukana. Niliambiwa tu nichukue kilicho changu. Nilichukua bati zangu, zikiwa na matundu ya misumari. Leo zimeezeka kibanda changu cha kufulia mashuka, na mvua ikinyesha zinavuja palepale. Sijazibadilisha, zinanikumbusha.

Kiwanja cha pili kina majina mawili kwenye karatasi, la mume wangu na langu. Chumba cha kwanza nilikosea tena. Mgeni alipitia sebuleni kwangu, ikawa siwezi hata kuvua mtandio nyumbani kwangu. Nikabomoa ukuta na kufungua mlango wa nje. Sabule ya Lamu, ningeijua mapema!

Hesabu nawapa bila kuficha. Mpangaji wa mwezi alinipa shilingi 40,000. Mgeni wa siku ananipa 20,000. Unaweza kupigia mahesabu siku 30 ukajiona tajiri, lakini usifanye hivyo. Mwezi mzuri wa mavuno chumba kinalaliwa siku 15. Masika ikikolea huenda siku tano, na hiyo ni 100,000 kabla ya umeme, maji, sabuni, msichana wa usafi na ushuru wa halmashauri. Kilichoniokoa ni cherehani: mashuka, mapazia na foronya nashona mwenyewe. Kila chumba kina seti tatu, moja kitandani, moja kambani, moja kabatini. Mgeni anasamehe chumba kidogo, shuka chafu hasamehi.

Kuna na jambo la haya, lakini lazima tulisemane. Wapo wanaokuja mchana wakitaka chumba kwa saa moja. Pesa yao ni ya haraka, na jirani zangu wengine wanaipokea. Mimi nakataa. Kila anayelala anaandika daftari la wageni, jina, anakotoka na anakokwenda. Nimepoteza wateja, ndiyo. Lakini wamenibaki walimu wa kike na kina mama wanaosafiri peke yao, ambao wanapeana namba yangu kwa sababu wanajua kwangu watalala salama. Riziki yenye usingizi ni bora.

Kwa hiyo nilimwambia yule binti: sofa huchakaa, kabati huliwa na mchwa. Paa nalo huondoka kama ardhi iliyo chini yake si yako. Anzia chini, kwenye karatasi, ndipo upande juu, hata kama ni chumba kimoja kwa miaka mitano. Na mwambie mwenzio mapema, kwa upole, kabla ya harusi na si baada ya ugomvi.

Gauni lake liko tayari, atalichukua Jumamosi. Kuhusu mahari bado hajaniambia ameamua nini, nami sitamuuliza. Mahari ni yake.

Mwenyezi Mungu awajaalie ndoa zenye kheri na nyumba zenye wageni wema. Amin.