22R-TE

22R-TE ni injini ya petroli ya Toyota yenye silinda nne na turbo, ujazo wa cc 2,366 na nguvu za farasi 135. Ilifungwa kwenye pikapu zilizouzwa Marekani katikati ya miaka ya 1980. Siri yake ni pistoni zilizoshusha uwiano wa mgandamizo hadi 7.5:1, kwani hewa inayoshindiliwa na turbo hupata joto, na petroli ikiwaka kabla ya wakati injini hugonga, hatimaye pistoni hutoboka. Fundi anayeongeza msukumo wa turbo bila kuongeza mafuta huiua injini upesi. Nafasi yake ilichukuliwa na 3VZ-E, V6 ya lita 3.0.