Kivu ndani ya vitabu: nani alitembea, nani aliandika?

Wandugu na wadada, wengi wetu tulisoma historia ya Kivu kwa noti za shule: mwaka, jina la mzungu, mupaka, basi. Kumbe inchi yetu imeingia katika vitabu vya kila aina: vya safari na uvumbuzi, vya ujasusi, hata vya mambo ya kuwazia tu. Leo ninavipitia vichache, na swali moja mkononi: katika kila kitabu, nani alipata jina na nani alibeba mizigo?

1. Vitabu vya wasafiri

Tuanze na mlima wetu. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, akitokea pwani ya Bahari ya Hindi, alipita Rwanda, akapanda Nyiragongo, akafika Ziwa Kivu. Mwaka 1895 alitoa kitabu cha safari ile, na Ulaya ikamhesabu mzungu wa kwanza kuliona ziwa hili. Mzungu wa kwanza, sawa. Lakini hakupanda peke yake. Kulikuwa na wapagazi, askari, na watu wa huku waliojua njia. Nani kati yetu anaweza kutaja leo jina la mmoja wao?

Stanley naye alipita kaskazini yetu mwaka 1889, akalipa ziwa jina la mwana wa malkia wa Uingereza, Edward, mtu ambaye hakuliona hata siku moja. Sisi tunakula samaki wa Vitshumbi, jina ni lake mpaka leo. Kiisha, mwaka 1907 na 1908, akaja Adolf Friedrich wa Mecklenburg pamoja na wataalamu wake. Mmoja alikuwa Johannes Mildbraed, mtu wa mimea. Sisi wa agronomia tunakutana naye kila tukifungua orodha ya mimea ya milimani: Lobelia mildbraedii. Hata gorila wa milimani anaitwa kwa kisayansi Gorilla beringei, juu ya kapteni Robert von Beringe aliyeua gorila kwenye Sabinyo mwaka 1902. Mnyama ambaye watu wa kandokando walimjua tangu zamani alipewa jina la aliyempiga risasi.

2. Waswahili nao waliandika

Usidhani kwamba watu wetu walikuwa wanatembea tu bila kuandika. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyetawala njia za Maniema, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Heinrich Brode akayachapisha Berlin kuanzia 1902. Mule ndani Tippu Tip anasimulia safari zake na namna alivyokutana na Livingstone, Cameron na Stanley. Yeye ni mwenyeji, wao ndio wageni.

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa masimulizi ya Waswahili. Selemani bin Mwenye Chande anaeleza safari yake ya bara. Salim bin Abakari anaeleza namna alivyofika Urusi na Siberia mwaka 1896, akimsindikiza bwana wake Mjerumani. Fikiria: wakati wanatuandika sisi, kijana wa Komoro anawaandika Warusi!

Lakini tuseme kweli yote. Tippu Tip aliuza pembe na aliuza watu. Watu wa Maniema waliochomewa vijiji na kufungwa minyororo hawakupata nafasi ya kusimulia upande wao katika kitabu kile. Na Kiswahili tunachozungumza huku mashariki ya Kongo kilifika kwanza na misafara ile. Njo maana kuandika kwa Kiswahili peke yake hakutoshi. Lazima tuulize pia kalamu iko mikononi mwa nani.

Jibu moja lilitoka Lubumbashi mwaka 1965. André Yav, kwa niaba ya watu waliofanya kazi za boyi katika nyumba za wazungu, aliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili chao cha kila siku. Hawakungoja mpaka Kiswahili kisafishwe ndipo waseme. Johannes Fabian alikitoa kama kitabu mwaka 1990, na leo wanahistoria wa dunia wanakisoma.

3. Ujasusi na ndoto

Mwaka 1980 Mmarekani Michael Crichton alitoa riwaya Congo. Wataalamu wanatafuta almasi katika mji uliopotea wa Zinj, hapa kwetu Virunga, na mwishoni volkano inafunika kila kitu. Ni tamu kuisoma, lakini ni inchi ya mawe, nyani na moto. Wenyeji ni mapambo. John le Carré alijaribu vizuri zaidi mwaka 2006 katika The Mission Song: shujaa ni mkalimani aliyezaliwa Kivu, na anasikia kwa masikio yake wakubwa wakipanga namna ya kuchukua madini yetu. Hapo angalau anayefahamu lugha zetu ndiye anayefahamu siri.

Waafrika nao hawakulala. Mtanzania Elvis Musiba alimtuma jasusi wake Willy Gamba mpaka Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi, mwaka 1979: Mwafrika anapeleleza, anakimbizwa na anashinda katika mji wetu mkuu. Paul Lomami Tshibamba alipata tuzo Brussels mwaka 1948 kwa Ngando, kisa cha mtoto wa Kinshasa aliyechukuliwa na mamba wa kichawi. Na Shaaban Robert, katika Kusadikika ya 1951, alibuni inchi inayoelea angani. Inatuma wajumbe pande sita za dunia. Wakirudi na maarifa, wanatupwa gerezani. Wandugu, hiyo ni hekaya, lakini ni nani hapa hajaona mtu anayeadhibiwa kwa kuleta wazo jipya?

4. Zamu yetu

Kwa nini ninawaambia hivi? Kwa sababu safari kubwa za inchi hii hazikwisha na Stanley. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, kartye kumi za Goma ziliamriwa kuhama, na Majengo ilikuwa kati yao. Watu walienda Sake, walienda Rutshuru, wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine walipanda boti za Bukavu. Mama mwenye godoro kichwani na mtoto mgongoni alifanya safari ambayo Götzen angeijazia kurasa nyingi. Ripoti ziliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, zikihesabu watu. Namba hazina jina.

Wenye kukumbuka lava ya Januari 1977 vizuri ni wazee sasa. Wale wa Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, wako kati yetu, ni wazazi na wajomba zetu. Tukingoja, atakuja tena mgeni mwenye bajeti, atawauliza maswali mawili, na kitabu kitakuwa chake.

Sisi tuliomaliza masomo tunajua kuandika TFC na memwari. Tunajua kuuliza na kunukuu. Simu inarekodi, daftari si ghali. Kaa na mzee mmoja wa kartye yako na umuulize kwa lugha yake: ulikuwa wapi, ulipita njia gani, ulimbeba nani, uliporudi ulipanda nini kwanza juu ya mawe? Akikubali, andika jina lake kwenye ukurasa wa kwanza. Lako liweke chini yake.