Waoromo wa Minnesota: urithi uliolindwa ughaibuni

Miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ina jamii kubwa ya Waoromo kuliko mahali pengine popote nje ya Afrika. Wenyewe huyaita makazi yao hayo Oromia Ndogo. Historia ya jamii hiyo ni ya watu waliokatazwa lugha na mila zao nyumbani, wakazijengea vyama, shule na sherehe ugenini.

Waoromo ndio kabila kubwa kuliko yote nchini Ethiopia. Katika sensa ya mwaka 2007 walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wananchi. Lugha yao, Afaan Oromoo, ni ya jamii ya lugha za Kikushi, na nchini Kenya huzungumzwa na Waborana wa Marsabit, Isiolo na Moyale, pamoja na Waorma wa bonde la mto Tana. Mwishoni mwa karne ya 19, majeshi ya Mfalme Menelik II yaliziteka nchi zao na kuziingiza katika himaya ya Ethiopia. Chini ya Mfalme Haile Selassie, Kiamhara kilikuwa lugha ya serikali, mahakama na shule. Chama cha Waoromo cha kusaidiana, Macha-Tulama, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, kilipigwa marufuku mwaka 1967. Mjini Dire Dawa, kikundi cha Afran Qallo kiliendelea kuimba kwa Kioromo licha ya vitisho, na ndicho kilichomkuza kijana Ali Birra, aliyekuja kuwa mwimbaji mashuhuri kuliko wote wa lugha hiyo. Naye pia aliishi miaka mingi uhamishoni kabla ya kufariki mwaka 2022.

Hata Biblia ya Kioromo ilitoka ugenini. Onesimos Nesib, aliyetekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, alikombolewa Massawa, katika pwani ya Bahari ya Shamu, akasomeshwa na wamisionari wa Kiswidi. Akisaidiwa na Aster Ganno, mwanamke aliyeijua lugha na fasihi simulizi yake kwa kina, aliitafsiri Biblia nzima. Ilichapishwa Uswisi mwaka 1899.

Wakimbizi waliofika Minnesota walikuja kwa mawimbi mawili. La kwanza lilifuata mapinduzi ya 1974 na utawala wa kijeshi wa Derg, uliowaua na kuwafunga wapinzani wake. Wengi walipitia Sudan, Somalia na Djibouti, na sheria ya wakimbizi ya Marekani ya mwaka 1980 ikawafungulia mlango. Wimbi la pili lilianza mwaka 1992, chama cha ukombozi wa Waoromo, OLF, kilipojitoa katika serikali ya mpito iliyoshika nafasi ya Derg na mapigano yakazuka upya. Safari hii njia kuu ilikuwa Kenya: wapo waliosubiri kwa miaka katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, na wapo waliopitia kambi ya Kakuma. Minnesota ilikuwa na mashirika ya makanisa yenye uzoefu wa kupokea wakimbizi, na kazi za viwandani zilipatikana. Aliyetangulia alimwita ndugu yake, na jamii ikakua.

Kazi ya kwanza ya vyama vilivyoundwa tangu miaka ya 1980 ilikuwa kumsaidia mgeni apate nyumba, kazi na karatasi za uhamiaji. Kazi ya pili ilikuwa kufundisha lugha, katika madarasa ya mwisho wa wiki. Mwaka 1991 wasomi wa Kioromo waliokutana Addis Ababa, jiji ambalo wao huliita Finfinnee, waliidhinisha Qubee, alfabeti inayotumia herufi za Kilatini. Irabu ndefu huandikwa kwa herufi mbili, na herufi kama q na x zimepewa sauti ambazo Kiingereza hakina. Wazazi wengi waliosoma kabla ya hapo walikuwa wamefundishwa kwa Kiamhara. Kwa hiyo wengi wao walijifunza kuisoma lugha yao ya mama wakiwa watu wazima.

Sherehe kubwa kuliko zote ni Irreechaa, ibada ya kumshukuru Mungu, Waaqa, msimu wa mvua kubwa unapokwisha na mito inapovukika tena. Nchini Ethiopia mkusanyiko mkubwa hufanyika katika ziwa Hora Arsadi, mjini Bishoftu, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Minnesota, jimbo lenye maelfu ya maziwa, haikosi maji ya kuendelezea desturi hiyo. Watu hushuka majini wakiwa na vishada vya majani mabichi na maua ya manjano, wazee na wanawake wakitangulia. Wanawake hubeba siinqee, fimbo nyembamba ambayo mwanamke hupewa anapoolewa, na ambayo ni alama ya heshima na haki zake. Mzee hutamka baraka kifungu kwa kifungu, umati ukiitikia. Kisha majani huchovywa majini na watu hunyunyizwa. Mavazi huchanganya nyeusi, nyekundu na nyeupe, na picha ya mkuyu, odaa, huonekana kwenye nguo nyingi, kwa kuwa chini ya mti huo ndipo mabaraza ya Gadaa hukutana.

Gadaa ni mfumo wa kale wa utawala ambamo madaraka hukabidhiwa rika jingine kila baada ya miaka minane. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2016. Kwa Waoromo wa ughaibuni, mfumo huo ni hoja yenye uzito: unaonyesha kwamba babu zao walikuwa na ukomo wa uongozi, mabaraza na sheria zao karne nyingi kabla ya himaya kuwafikia.

Si Waoromo wote wanaoitazama Irreechaa kwa jicho moja. Wafuasi wa dini ya asili, Waaqeffannaa, huiona kuwa ibada. Baadhi ya Waislamu na Wakristo wa Kiinjili hujitenga nayo kwa sababu hiyohiyo, na wengine huhudhuria wakiichukulia kuwa utamaduni wa taifa lao. Mikutano ya mwezi Julai huwakusanya wote bila ubishi huo. Shirikisho la michezo la Waoromo wa Amerika Kaskazini huandaa wakati huo mashindano ya soka yanayovuta timu kutoka miji ya Marekani na Kanada, na pembeni mwa viwanja huwa na muziki, vitabu na vyakula. Chakula cha heshima ni buna qalaa, buni nzima zilizokaangwa kwa samli, ambazo Waborana wa Kenya pia huziandaa katika baraka na sherehe za familia.

Matukio ya nyumbani yameitikisa jamii hiyo mara kwa mara. Mwaka 2014 kituo cha televisheni cha Oromia Media Network kilianza kurusha matangazo kutoka Minneapolis, mwaka uleule maandamano makubwa yalipoanza Oromia, jimbo la Waoromo nchini Ethiopia. Tarehe 2 Oktoba 2016 umati wa Irreechaa ulikanyagana Bishoftu baada ya polisi kurusha mabomu ya machozi. Serikali ilitaja vifo 55, na wapinzani wakasema ni vingi zaidi. Julai 2018 Waziri Mkuu Abiy Ahmed, mwenyewe Mworomo, alifika Minneapolis kuwahutubia maelfu ya watu, na mwaka uliofuata Irreechaa iliadhimishwa Addis Ababa kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya karne moja. Matumaini hayo hayakudumu. Mauaji ya mwimbaji Hachalu Hundessa, Juni 2020, yaliwarudisha Waoromo wa Minnesota barabarani kwa maandamano.

Mtihani uliobaki ni wa kizazi kilichozaliwa Marekani, kinachosoma na kucheza kwa Kiingereza. Vazi na ngoma hujifunzwa kwa siku chache, lakini lugha hutaka mzungumzaji kila siku. Ndiyo maana madarasa ya Qubee ya mwisho wa wiki, yasiyo na shangwe wala umati, ndiyo yanayobeba sehemu nzito zaidi ya urithi huo, na ndiyo yanayostahili kuungwa mkono kwanza.