Doa Kwenye Geji

Peleka Land Rover kuukuu kwa fundi Lodwar useme unataka irudi kama zamani, na ubishi utaanzia kwenye dashibodi. Geji ya joto. Kioo kimefifia, uso wake umeshika madoa ya kahawia, herufi zinaanza kubanduka. Kuna watakaokuambia toa, weka mpya, mambo yaishe. Mimi niko upande wa wanaosema ngoja kwanza.

Land Rover za kwanza zilitoka kiwandani Uingereza mwaka 1948. Turkana wakati huo ilikuwa wilaya iliyofungwa, huingii bila kibali cha serikali. Ndiyo maana wakoloni walipotaka kuwaweka mbali wafungwa wa Kapenguria waliwapeleka Lokitaung, na mwaka 1959 wakamhamishia Kenyatta hapa Lodwar, alikokaa kizuizini hadi 1961. Hawakuhitaji ukuta mrefu. Jua, mchanga na umbali vilitosha.

Dereva wa njia hizo alikuwa na jerikani za maji nyuma na jicho moja kwenye geji. Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, unavuka mito ya msimu ambayo mara nyingi ni mchanga mtupu. Kwenye mchanga unaendesha kwa gia nzito, injini inanguruma, gari linajikokota, upepo hauingii kwenye radieta. Mshale ukipanda, unasimama, unaligeuza gari lielekee upepo, unasubiri. Ukiupuuza, unapasua gasket, halafu unalala hapo. Si mchezo.

Geji nyingi za enzi hiyo hazikutumia umeme. Kuna balbu ndogo ya chuma kwenye maji ya injini, yenye etha ndani, na mrija mwembamba kama uzi unaoiunganisha na geji. Maji yakipata moto, mvuke wa etha unasukuma, mrija uliopinda ndani ya geji unajikunjua kidogo, mshale unasogea. Raha ni kwamba etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Hilo ni joto la mchana wa kawaida Lodwar, tena kivulini.

Lami ilikuja baadaye. Norway iligharamia barabara ya kutoka Kitale hadi Lodwar, lakini mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano nayo kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, na Wanorway wakafunga virago. Miaka miwili baadaye kambi ya Kakuma ikafunguliwa, ikiwapokea maelfu ya watoto wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia. Pamoja nao yakaja mashirika, na Land Cruiser nyeupe. Land Rover zikasukumwa nyuma ya gereji, na hapo ndipo nyingi zilipozeekea.

Sasa turudi kwenye doa. Watu hudhani ni alama ya injini kuchemka. Hapana. Ni jua, vumbi lililopenya, kutu ya kopo lenyewe na rangi iliyochakaa. Usilisugue. Spiriti itaondoka na herufi kabla ya doa, nimeona geji ikibaki uso mtupu kama sahani. Legeza ile pete ya chuma polepole, osha kioo peke yake, pangusa uso kwa brashi laini iliyo kavu, basi. Mrija usiukate wala kuukunja, maana etha ikitoka, geji imekufa, na fundi wa kuifufua utamtafuta mbali sana.

Ukimaliza, kabla ya kuirudisha, chovya balbu kwenye sufuria ya maji yaliyo jikoni na utazame. Mshale utakaa kimya kwa muda, mpaka utaanza kukata tamaa. Halafu utatikisika, uanze kupanda juu ya lile doa.