Nani Alibeba Mzigo Mlima Kenya?

Kila Desemba naona mapicha yenu mkiwa Point Lenana, mikono juu, bendera mabegani. Hongera, kweli, kupanda si mchezo. Lakini wasee, hebu tuulizane: zile sufuria, mtungi wa gesi, unga na mahema vilifikaje huko juu? Kuna mtu alivibeba. Na mimi nasema historia ya mlima huu inafaa ianze na huyo mtu.

Turudi 1899. Vitabu vinasema Mwingereza Halford Mackinder ndiye wa kwanza kufika Batian, kilele cha mita 5,199, tarehe 13 Septemba mwaka huo. Alifika na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji wa milima kutoka Ulaya. Sasa angalia msafara mzima uliotoka Nairobi mwisho wa Julai. Ulikuwa na watu 170 hivi. Wazungu walikuwa 6 peke yao. Waliobaki ni Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Piga hesabu mwenyewe: watu 164 ambao huwezi kutaja hata mmoja.

Na haikuwa safari ya raha. Mwaka huo nchi ilikuwa na njaa mbaya na magonjwa. Walipofika kambi ya chini, chakula kilikosekana, watu wawili wa msafara wakauawa, ikabidi msaada utafutwe hadi Naivasha. Kuna jambo zito zaidi. Wanahistoria waliopekua karatasi za msafara wamekuta orodha ya wapagazi ambapo Waswahili wanane wameandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Mpaka leo wanabishana ilitokeaje. Watu wanane, manze, na hiyo story haiko kwenye bango lolote nililosoma nikipanda.

Kuna atakayeniambia, "Lakini Batian, Nelion na Lenana si majina ya Waafrika?" Ni kweli, ni ya viongozi wa Wamaasai. Ila aliyeyaweka ni Mackinder, kwa mlima ambao majirani zake Wakikuyu walishauita Kirinyaga zamani. Barafu kubwa pale juu ilipewa jina la Lewis, mwanajiolojia wa Marekani. Bonde linaitwa Mackinder. Kwa hivyo machifu walipata, wasomi walipata, bwana mkubwa mwenyewe alipata. Aliyebeba mzigo?

Kwetu Kisii na Nyamira mambo ya majina tunayaelewa vizuri. Mji wetu wazee wanauita Bosongo, na inasemekana maana yake ni kwa Wazungu. Hiyo peke yake ni historia. Na kubeba mizigo ya watu wengine pia tunakujua. Septemba 1914 Wajerumani walivuka kutoka upande wa Tanganyika wakapigana na Waingereza pale pale Kisii mjini. Vita vilipoendelea, vijana wa Abagusii walichukuliwa, pamoja na wengine kutoka kila pembe ya nchi, wakabebe risasi na chakula cha jeshi. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa Carrier Corps. Ukishuka mtaa wa Kariokor pale Nairobi, ndilo hilo jina, limekaa tu kwenye matatu na hakuna anayeuliza. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa magonjwa, njaa na uchovu. Kwa hivyo mpagazi wa mlimani si story ya watu wa Nanyuki pekee. Ni babu zetu.

Mwaka jana nilipanda kwa njia ya Sirimon, siku nne. Siku ya kwanza tulilala Old Moses, mita 3,300. Ya pili Shipton, mita 4,200, kichwa kinagonga kama ngoma. Siku ya tatu tuliamka saa nane usiku, tukafuata tochi ya mwongozaji wetu kwenye changarawe inayoteleza, hatua moja mbele, nusu nyuma. Jua lilipochomoza tulikuwa Lenana, mita 4,985. Mimi nimekulia vilima vya Manga na nilijiona fiti. Lakini wapagazi walitupita kila siku na mizigo migongoni, na tulipofika kambini chai ilikuwa tayari imeiva.

Kuna wanaosema, "Si ni kazi yao? Si wanalipwa?" Ndiyo, na walipwe vizuri zaidi. Lakini Ollier na Brocherel pia walilipwa. Walikuwa kazini kama hao wengine 164, na bado majina yao tunayajua baada ya miaka zaidi ya 120. Kwa hivyo shida haijawahi kuwa malipo. Shida ni nani anahesabiwa kuwa alipanda mlima, na nani anahesabiwa kama sehemu ya mzigo.

Tanzania wamejaribu kurekebisha. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro Oktoba 1889, na kwa miaka mingi waliimbwa hao tu. Leo watu wanamtaja pia Yohani Kinyala Lauwo, Mchagga anayesemekana kuwaongoza. Sisi tuna Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera ya Kenya mlimani usiku wa uhuru, Desemba 1963. Huyo tunamkumbuka kwa sababu alibeba bendera. Wa kubeba sufuria bado wanangoja.

Ombi langu ni dogo. Ukipanda, uliza jina la aliyekubebea begi, na kama hana neno, liandike chini ya picha yako, kabla ya maneno ya kujisifu. Na kama unatoka kwetu, ukienda ushago uliza nani wa familia alienda Kariokor akarudi, na nani hakurudi. Andika hayo majina leo, wazee wakiwa bado wako.